Seti ya pango la Noeli yenye Mamajusi wanaohama: maoni yangu

Hii seti naipenda sana na sababu kubwa ni Mamajusi, wale wageni wa mashariki waliokuja kumtafuta mtoto Yesu. Seti nyingi utakuta kila kitu kimegundishwa kwenye ubao mmoja, wachungaji, ng'ombe, malaika na Mamajusi wote wamejazana usiku uleule, basi Krismasi ikiisha watu wanarudisha kabatini na Epifania, yaani sikukuu ya Mamajusi kufika, inapita hakuna aliyeiona. Hii kila sanamu inasimama yenyewe. Mamajusi na ngamia wao unawaweka mbali kabisa, dirishani au juu ya rafu ya vitabu, halafu kila siku mnawasogeza kidogo mpaka Januari 6 ndo wanafika. Watoto wanagombania kuwasogeza na hapohapo maswali yanaanza, hawa akina nani, mbona wanatoka mbali hivyo, nani aliwaambia?

Na majibu yake ndo sikukuu yenyewe. Hawa si Wayahudi, torati hawana, ni watu wa kuangalia nyota huko mashariki, lakini ndio wanaofika kumsujudu mtoto. Wakati huohuo pale Yerusalemu mfalme Herode anawauliza wakuu wa makuhani na waandishi Kristo azaliwe wapi, wanajibu bila kukosea, Bethlehemu, na andiko la nabii Mika wanalitoa kichwani, halafu hatusomi popote kwamba hata mmoja wao aliinuka kwenda, na kutoka pale ni kama kilomita 9 tu. Mimi hapa huwa naguswa kweli. Mtu unaweza kulijua Neno lote, ukawaelekeza wengine njia, na wewe mwenyewe ukabaki umekaa. Tukiongelea ushuhuda tunawaza sisi kuwapelekea watu Yesu, ila hapa Mungu ameshawavuta watu wa mataifa kabla hata Petro hajaitwa, na Paulo anakuja kulisema wazi kwenye Waefeso 3 kwamba mataifa ni warithi pamoja nasi. Kwa hiyo mgeni akiingia kanisani usimwone kama anaanza sifuri, huenda ametembea safari ndefu kukuzidi.

Sura wamezichonga vizuri, mmoja mzee, mmoja wa makamo, mmoja kijana mweusi. Hayo ni mapokeo, Mathayo hasemi walikuwa watatu (watu walihesabu zawadi, dhahabu, uvumba na manemane) wala hawaiti wafalme, na majina Gaspar, Melkiori na Balthazari yamekuja karne nyingi baadaye. Sina ugomvi nayo, maana kila umri na kila rangi kupata nafasi mbele ya Yesu ni kweli tupu.

Kasoro zipo. Nyota wameigundisha juu ya paa la banda, wakati ile iliwatangulia njiani, ingekuwa inatoka ingesogea pamoja nao. Rangi ya zile zawadi nayo inabanduka haraka. Ila kinachoniuma zaidi ni karatasi ya maelezo, wameweka Luka 2 peke yake, Mathayo 2 yenye habari ya Mamajusi na Herode hamna kabisa! Sasa ukimtoa Herode hao Mamajusi wanabaki mapambo tu. Watoto wakubwa kidogo wanapaswa kusikia kwamba habari njema ilimtisha aliyekaa kwenye kiti cha enzi, kwamba watoto wa Bethlehemu waliuawa na Yosefu akamchukua mtoto na mama yake usiku wakakimbilia Misri. Kumtangaza Yesu kuna gharama, na hili limo kwenye habari yenyewe tangu mwanzo.

Ushauri kwa atakayenunua: isome Mathayo 2 yote kwa sauti siku wanapofika, ongeza na Isaya 60 mistari 6 ya mwanzo, na wachungaji muwaondoe kwanza maana Mathayo anasema Mamajusi waliingia nyumbani. Halafu msiwafungie kwenye boksi siku hiyohiyo, wageuzeni waanze kurudi kwao, ila kwa njia nyingine, sio ile ya kupitia kwa Herode.