Maktaba ya maamuzi ya LEED: tafuta hapo kwanza kabla hujalipa ada ya kuuliza

Watu wangu wa majengo ya kijani hapa Nairobi, leo nataka niongee kuhusu ile maktaba ya maamuzi iko kwa tovuti ya USGBC, lile baraza la majengo ya kijani la Marekani lenye LEED, ile inaitwa LEED Interpretations, sababu naona wengi tunahangaika na LEED hapa mjini na hatujawahi hata kuifungua, na ni bure kabisa, bando yako tu.

Kwa mwenye anaanza: LEED ni mfumo wa Marekani wa kupima jengo kwa pointi, ukifika 40 unapata cheti, 50 ni Silver, 60 Gold, 80 Platinum. Sasa kanuni iliandikwa huko mbali, ikifika saiti ya Ngong Road inakwama mahali, unabaki unajiuliza hawa walimaanisha nini. Kumbe kuna mtu alishauliza karibu hilo swali lako miaka imepita na akajibiwa, swali liko hapo, jibu liko hapo, na tarehe.

Mimi ilinifikia hivi. Tuko na jengo la ofisi karibu na Adams, hapo Ngong Road, limesajiliwa chini ya toleo la LEED linaloitwa v4, na ile krediti ya usafiri (krediti ni kipengele cha kanuni chenye pointi zake) inataka steji ya basi isizidi mita 400 kwa mguu kutoka mlangoni, na safari zisipungue 72 siku ya kazi na 40 wikendi ndio upate hata pointi ya kwanza. Matatu za 111 zinapita hapo mpaka usiku, lakini ratiba utatoa wapi na gari inatoka ikijaa? Mshauri tuliyekuwa naye mwanzo akatuletea karatasi ya uamuzi akasema hii imemaliza maneno, karatasi yenyewe imekunjwa mara nne na printa imekata pale juu penye tarehe. Roho yangu ikakataa. Jioni nikaingia kwa maktaba nikaandika jina la krediti nikatafuta mpaka nikaukuta, ulikuwa wa LEED 2009, toleo la kabla ya v4! Tulikuwa tushaanza kuandika ripoti nzima juu yake.

Kwa hivyo hapo ndipo uweke macho. Unaweza kutafuta kwa namba ya uamuzi, kwa krediti, kwa toleo ama neno lolote tu, lakini ukishapata kitu usikimbilie jibu, angalia toleo kwanza, halafu tarehe, kwa sababu uamuzi uliotoka kabla mradi wako kusajiliwa unakubana, lazima uufuate, ule wa baadaye ni hiari yako. Pia inaonyesha kama uamuzi unatumika nje ya Marekani. Hiyo usiruke, wewe uko Kenya.

Na jamani tusichanganye hii na lile jibu GBCI, wale wanaokagua miradi ya LEED na kutoa vyeti, wanapatia mradi mmoja ukilipa ada na kuuliza. Lile ni la huo mradi peke yake, hata kama rafiki yako wa Westlands alijibiwa vizuri vipi huwezi kulibeba ukalipeleka kwa jengo lako. Haya ya maktaba ndiyo yanasimamia kila mtu.

Uamuzi unaotaja matatu mimi sikupata. Lakini sikutoka mikono mitupu, nilisoma maswali ya wengine usiku mzima karibu, nikaelewa swali la maana linaandikwa vipi: unaeleza hali ya mahali ulipo, unasema unapendekeza nini badala ya kanuni ilivyo, na unaonyesha hicho kitu bado kinafikisha lile lengo la krediti. Lengo ndio kila kitu hapo. Asubuhi yake tukatuma kijana wetu mmoja steji saa kumi na mbili na daftari, kila matatu ikisimama anapiga kistari, nusu saa haijaisha ukurasa umejaa na makanga wanamuuliza kama ni wa kanjo.

Sasa tuko na hesabu ya siku saba, wikendi ndani, na swali letu tumeliandika likaingia ukurasa mmoja. Kama kuna mtu ana mradi kwa barabara ya matatu kama sisi na alishahesabu steji yake, tafadhali niandikie hapa tulinganishe daftari kabla sijalituma.