Tathmini ya huduma: tiba ya mawimbi kwa mapafu ya mama

Mama alipotoka hospitali baada ya kuugua nimonia, tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha fiziotherapia hapa Dar es Salaam, ambacho kwenye ubao wa mapokezi kimeandika kwamba mawimbi ya mikrowevu "huamsha askari wa kinga ndani ya mapafu". Tulilipia vipindi sita, shilingi 20,000 kila kimoja.

Mashine hiyo ina kichwa cha mviringo mfano wa sahani, nayo hutoa mawimbi ya megahetzi 2,450, masafa yaleyale ya jiko la mikrowevu, ila kwa nguvu ndogo zaidi. Ilielekezwa mgongoni kwa dakika 15. Mama akasema anasikia vuguvugu zuri, na misuli iliyochoshwa na kukohoa ikalegea. Hilo nalikubali bila kusita.

Madai ya ubaoni siyakubali. Askari wanaotajwa ni makrofaji, seli zinazokaa katika vifuko vya hewa na kumeza bakteria, pamoja na chembe nyeupe za damu zinazokuja kuziongezea nguvu maambukizi yanapozidi. Mawimbi ya masafa hayo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake katika sentimita chache za mwanzo za ngozi na misuli, hivyo kinachofika kwenye mapafu ni kidogo mno. Majaribio ya maabara na ya wanyama yametoa majibu yanayokinzana, na mara nyingi ni vigumu kutenganisha kazi ya mawimbi na kazi ya joto lenyewe. Kilichomtibu mama ni antibayotiki alizopewa wodini.

Kilichoniumiza zaidi ni uzembe. Hakuna aliyemuuliza kama ana chuma mwilini au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mkufu nilimvua mimi, na kanga yake iliyolowa jasho niliiondoa mimi, ingawa unyevu juu ya ngozi hukusanya joto na unaweza kumuunguza mgonjwa.

Mazoezi ya kupumua, kwa upande mwingine, yalistahili kila shilingi. Dada aliyemhudumia alikaa naye uso kwa uso, akamfundisha kuvuta hewa polepole kwa pua na kuitoa kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza makaa, akimwambia, "Taratibu, mama, usiikimbize." Kufikia kipindi cha tano mama alipanda ngazi za nyumbani bila kusimama. Tumeomba vipindi vingine vya mazoezi peke yake, na nimewaandikia wakifute kile kilichoandikwa ubaoni.