Probox ya 2010 na barabara ya Molo hadi Kisumu: uzoefu wangu

Probox si gari la sura. Toyota walianza kuiuza Japani mwaka wa 2002 kama gari la kampuni, la mtu wa mauzo anayezunguka na sampuli zake, na ukiingia ndani unajua mara moja kwamba aliyeichora hakuwa na habari na mgongo wako. Kiti cha nyuma ni chembamba na kimesimama wima. Mume wangu akipanda nyuma kutoka Nakuru hadi Kericho hushuka ameshika kiuno. Milango ni plastiki ngumu tupu, na mvua ikinyesha mnapaza sauti ndipo msikilizane. Lakini katikati ya dashibodi kuna kimeza cha kuvuta, na hapo ndipo linapokaa daftari langu la madeni. Kati ya kimeza hicho na viti vya ngozi, mimi nachukua kimeza.

Kazi yangu ni waru, yaani viazi, na omena, wale dagaa wa ziwani. Natoa waru Molo, napeleka Kisumu, narudi na omena. Kisumu wananiita Mama Waru. Nakuru majirani wanajua nimefika kabla sijazima injini, kwa harufu. Yangu ni ya mwaka wa 2010, injini ya 1.5, otomatiki ya gia nne, niliyoinunua kwa mtu binafsi kwa mkopo wa sacco. Haya ninayosema ni ya gari linalofanya kazi kila wiki, si la kupeleka watoto kanisani.

Injini kwanza. Hii 1NZ wanaijua mafundi wote kutoka Naivasha hadi Busia, na hiyo peke yake ni nusu ya uimara wa gari. Ikikwama Londiani saa mbili usiku, kuna kijana atakayekuja na spana na kuifungua bila kuuliza maswali. Inatumia cheni, si mkanda, kwa hivyo ule wasiwasi wa mkanda kukatika na kuharibu valvu haupo. Kinachoiua ni oili. Cheni inategemea oili safi, na injini hizi zikizeeka baadhi yake huanza kuila polepole bila kuvuja hata tone chini. Chomoa kijiti upime kila unapojaza mafuta. Aliyeniuzia alikuwa na kitabu cha sevisi kilichoandikwa kwa mkono, na kwangu kitabu hicho kilikuwa na thamani kuliko rangi inayong'aa.

Mzigo: kiwandani ilipangiwa kilo 400. Kanuni za waru za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, kwa hivyo hesabu ni rahisi, magunia manane na gari linatembea vizuri. Shida ni kwamba huko mashambani bado utaletewa gunia lililoshonewa wavu juu, likaongezwa waru mpaka likawa na kichwa, na wanaume wawili hawaliinui. Ukipakia hayo manane, spring za nyuma zinalala, taa za mbele zinaangalia mawingu, na mteremko wa Kericho unakuonyesha breki zako zina imani kiasi gani. Halafu kuna ndugu zetu wa Bondo na Migori, ambao Probox kwao ni matatu. Abiria mpaka kwenye buti, na dereva amegawa kiti chake na mtu mwingine, anaendesha ameegemea mlango. Bushi zikiisha wanalaumu gari.

Jambo moja kuhusu gereji kabla sijasahau. Fundi atakuambia gari litavuta zaidi ukitoa kata konvata, ile sehemu ya ekzosi yenye masega ndani. Usikubali. Masega yale yana madini ya thamani na kuna watu wanayanunua kwa kilo. Wewe unabaki na bomba tupu na moshi unaochoma macho ya mtoto anayeuza njugu pale kituoni. Mimi niliposhauriwa hivyo nilichukua ufunguo wangu nikaenda.

Sasa kununua. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba Probox zinazoshuka melini siku hizi ni zile zilizobadilishwa mwaka wa 2014, zenye giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za kuhesabu. Si mbaya, zinakula mafuta kidogo, ila ukiwekewa oili ya giaboksi isiyo yake utalia. Ile ya gia nne utaipata hapa hapa nchini tu, nyingi zikiwa na namba zinazoanza na KB na KC. Yaani unanunua gari lenye historia ya Kenya, na historia ya Kenya ya miaka hii ina maji mengi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maswali ninayoulizwa ni ya injini na giaboksi, na ni nadra mtu kuniuliza habari ya maji.

Baada ya mvua za 2024, magari ya bei nzuri yalianza kujitokeza. Zile mvua za Machi hadi Mei ziliua karibu watu 300 nchini. Katika kaunti yetu hii ya Nakuru, Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yaliyojizuia kwenye tuta la reli yalipasua njia yakafagia nyumba watu wakiwa wamelala. Magari pia yalilala majini sehemu nyingi, yakakaushwa, yakapigwa rangi na kuuzwa. Gari la hivyo litawaka vizuri wiki ya kwanza. Baadaye waya zinaanza kuoza ndani kwa ndani, taa ya breki inawaka yenyewe, dirisha linakataa kupanda, na fundi anakula pesa zako akitafuta kitu ambacho hakipo mahali pamoja.

Namna ya kulijua: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Wauzaji husafisha sehemu inayoonekana, lakini ile iliyojiviringisha chini hubaki na mstari wa tope. Inua zulia mahali spea inapokaa, upitishe kidole kwenye pembe. Angalia bolti za viti, kwa sababu kutu pale haitoki kwenye umande. Na ukiingia ukakuta manukato makali, uliza yanaficha nini.

Nilipokuwa natafuta nilionyeshwa moja ya namna hiyo, na mwenyewe hakunificha. Alikuwa akiishi upande wa Mwariki, karibu na ziwa. Maji yalikuja polepole, mwaka huu mpaka kwenye ua, mwaka unaofuata mpaka mlangoni. Aliuza gari apate kodi ya nyumba mtaa wa Pipeline. Sikulinunua, lakini nilimwamini kuliko madalali wote niliokutana nao.

Watu wa nje wanadhani ziwa linakuja kama wimbi. Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu karibu mwaka wa 2010, likameza lango kuu la hifadhi na nyumba za watu. Maji yakazidi kiasi na kupunguza chumvi, chakula cha heroe kikapungua, nao wakahamia Bogoria na kwingine. Hata ndege wamepata pa kwenda. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa haya ilitaja mvua iliyoongezeka, udongo unaosombwa kutoka milimani tulikokata miti, na mienendo ya ardhi chini ya Bonde la Ufa, ikahesabu karibu watu 380,000 walioathirika. Ziwa Victoria nalo, Mei 2020, lilivuka kimo cha 1964 ambacho wazee wa Kisumu walikuwa wakikisimulia kama hadithi.

Mimi naona mambo haya kupitia kioo cha mbele. Nikitoka Mau Summit mvua inanipigia Londiani, nashuka Kericho jua linawaka, nafika Ahero na ile mvua ya Londiani imenitangulia ikiwa mto Nyando. Ahero kwenyewe huenda tone halijaanguka. Watu wa tambarare za Kano wanafurika kwa mvua ya watu wengine. Bwawa la Koru-Soin, la kuupunguzia mto huo nguvu, lilizungumzwa miaka na miaka kabla trekta la kwanza halijafika.

Kwa dereva, ushauri ni mfupi. Maji yakipita nusu ya tairi, simama. Injini haijui kubana maji. Eya klina ikiyavuta, koni rodi, chuma kinachoshika pistoni, inapinda na hapo hakuna ukarabati, ni kununua injini nyingine. Wapo wanaokuambia ukanyage mafuta upite haraka. Hao hawatakulipia injini.

Lakini kuna kazi moja ambayo Probox yangu imeifanya na haiko kwenye tangazo lolote. Dada mmoja wa Kano ndiye amekuwa akinikusanyia omena. Siku moja wakati wa mafuriko nilimpigia kujua bei, akaniambia, "Mama Waru, leo hatubebi omena. Leo nibebee nyumba."

Nilidhani ni utani. Nilipofika, kijana wake alikuwa juu ya paa anang'oa mabati. Nilijifunza siku hiyo kwamba mtu anayekimbia maji kwa wiki mbili hubeba godoro, jiko, sufuria, sare za shule na kuku. Anayeng'oa mabati harudi. Tulikunja kiti cha nyuma, godoro la futi sita likaingia baada ya kulipinda kidogo, sufuria zikapangwa ndani ya beseni, beseni juu ya godoro, na mtoto mdogo juu ya vyote ameshika kuku. Mabati yakapanda kwenye keria, yakafungwa kwa mpira, na misumari ikatiwa kwenye mkebe wa Kimbo. Misumari ile iliyopinda aliinyoosha kwa jiwe kabla ya kuitia. Mwendo wote nilisikia mkebe ule ukilia nyuma.

"Tunaenda wapi, dada?"

"Shule kwanza."

Madarasa yalikuwa yamejaa. Tukaishia Nyalenda, Kisumu mjini, kwa binamu yake, chumba kimoja, na mabati yakaegemezwa ukutani nje. Sasa, Nyalenda yenyewe mto Auji huiingilia mvua ikizidi. Yaani alihama kutoka kwa mto mmoja akaenda kukaa karibu na mwingine, na safari hii akilipa kodi.

Sisi wa Nakuru tunajua kuhama kwa namna nyingine. Mwaka wa 2008 uwanja wetu wa maonyesho ulijaa mahema ya watu waliofukuzwa baada ya uchaguzi, na kila mtu alijua kuwaita wakimbizi wa ndani. Sheria ya 2012 ya wakimbizi wa ndani inawatambua pia waliohamishwa na majanga ya asili. Kwenye karatasi, dada yangu wa omena na yule wa uwanja wa maonyesho ni sawa. Lakini aliyefukuzwa na maji hana kambi ya kupigwa picha. Anaingia mjini kimyakimya na godoro lake, na baada ya miezi anahesabiwa kama maskini wa kawaida wa mtaa wa mabanda. Ukipita upande wa London hapa Nakuru, kwenye jaa la Gioto, kuna familia zinazoishi juu ya takataka. Ukiwauliza wametoka wapi, kila mmoja ana mahali alipokuwa na mlango wake.

Na petroli je? Siwezi kuzungumza habari za mvua nikaruka ekzosi yangu. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180. Nikiwa na mzigo natumia kama lita 14, na kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Hiyo ni zaidi ya nusu gunia la waru linalopaa kila nikienda. Umeme wa nchi hii kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mvuke, maji na upepo, na mvuke wenyewe uko Olkaria, kaunti yetu hii. Siku itakapokuja gari la umeme la kubeba magunia manane kupanda Londiani, kwa bei ambayo sacco yangu inaweza kunikopesha, nitalijaribu. Kwa sasa sitakubali kuambiwa na mtu anayepanda ndege kila mwezi kwamba Probox yangu ndiyo iliyoujaza mto Nyando.

Kwa hivyo ninunue au nisinunue? Nunua, kama kazi yako ni mzigo na una nidhamu ya oili. Kama ni starehe unataka, mgongo wako utakudai. Weka pesa kando ya bushi na shoki, maana barabara zetu zinazila bila huruma, na ukibadilisha spring za nyuma badilisha zote mbili, na uepuke kuwekewa vipande vya mpira katikati ya koili eti zinyanyuke. Nunua keria nzito, ya vyuma vinne, iliyofungwa kwa bolti. Ile nyepesi ya kubana kwenye mfereji wa mlango haihimili mabati, na safari ya pili ya yule dada, alipopata chumba chake mwenyewe kule Manyatta, tulilazimika kuyabeba kwa mkokoteni.