Siku nne Pemba kwa miguu: kisiwa nakipa kumi, kampuni sita na nusu

Nianze na viatu mana ndo vilivyoniponza. Kwenye wasap kampuni iliyotutembeza waliniandikia "njoo na viatu vya kawaida vya kutembelea", nikasema hewala, nikachukua raba zangu nyeupe za mazoezi ambazo Mwanakwerekwe nzima nimezizungukia hazijawahi kuniudhi. Yakhe, Pemba si Unguja. Huku kwetu ukitembea ni kama unatembea juu ya meza, kule unapanda unashuka, unapanda tena unashuka, na ule udongo mwekundu ukipata mvua kidogo tu unakuwa sabuni. Siku ya tatu nina malengelenge mawili kisiginoni na raba zishakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwahiyo anaetaka kwenda achukue viatu vyenye meno chini na soksi za akiba, mengine tutaelewana.

Haya. Hii ni safari ya matembezi, siku 4 za kutembea na usiku 5 wa kulala, kutoka Chake mpaka Wete halafu juu upande wa Konde. Unalala gesti, mabegi yanakwenda na gari, wewe unabeba maji na mwavuli tu. Sie tulikuwa sita, mie na dada yangu, wenzangu wawili wa kazini wote wanawake, na mtu na mkewe kutoka Dar. Bei ya mkaazi 480,000 kwa kichwa, chakula cha asubuhi na mchana ndani, boti juu yako. Mwenye kampuni alinambia wazo hili kaliokota Ufaransa, kuna mkoa unaitwa Alsace, mashamba ya zabibu mpaka macho yachoke na vijiji vya kale katikati yake, watu wanatoka Riquewihr asubuhi na miguu yao, wanapita kwenye mizabibu, mchana wapo Ribeauvillé wanakula na kuonja mvinyo, kesho wanaendelea kijiji kingine. Akajiuliza sie tuna nini cha kupita katikati yake, akajijibu karafuu. Wazo zuri hilo wallahi, sina neno. Tena sie hatulewi, tunanusa tu.

Chake siku ya kwanza sitaichosha. Ngome, makumbusho yaliyomo humo ndani, soko, kahawa, basi. Ila pale makumbusho kijana alietuongoza alisema kitu kimoja nikaona haya kwamba sikuwa nakijua na umri huu: kumbe zamani karafuu nyingi zilikuwa huku kwetu Unguja, kikaja kimbunga cha 1872, zama za Sayyid Barghash, kikaing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika zaidi, ndo kutoka hapo Pemba ikawa nyumba ya karafuu mpaka leo. Mie nilidhani ni Mungu tu aliwapa.

Ijumaa asubuhi tukapelekwa Wawi kwenye kiwanda cha makonyo. Asiejua, konyo ni kile kijiti kinachoshika karafuu, ukishachambua karafuu makonyo hayatupwi, yanauzwa yanakwenda kutolewa mafuta. Harufu inakupokea kabla hujaliona jengo. Wanapitisha mvuke kwenye makonyo, mvuke unatoka na mafuta, unapozwa unarudi kuwa maji, na hapo ndo nikaona ajabu yangu, mafuta ya karafuu hayaelei kama mafuta ya nazi, yanazama chini na maji yanakaa juu. Mzee mmoja wa pale alitutilia tone moja moja kwenye mgongo wa mkono akasema msijisugue machoni. Dada yangu akajisugua. Nusu saa tunamuosha. Lakini bibi yetu alikuwa anatutia karafuu kwenye jino bovu toka tuko wadogo, na yule mzee akatwambia ni dawa ile ile, iliyomo kwenye mafuta yale ndo wanaitumia mpaka madaktari wa meno. Nilinunua chupa mbili, ya makonyo na ya mchaichai. Halafu watu wakaenda Ijumaa, sie tukalala, na mie nilishukuru kwa hilo mana makampuni mengine saa ya sala wanaiona kama usumbufu.

Sasa Jumamosi, Pujini, na hapa ndo lawama zangu zinapoanzia na sifa pia.

Kutoka Chake mpaka Pujini ni kama kilomita 10, tuliondoka saa 3 kasoro wakati tuliambiwa saa 12 na nusu, sababu ya gari ya mabegi ilichelewa, sasa mie najiuliza mabegi yanahusiana nini na miguu yangu. Matokeo yake tukawa tunatembea jua la utosi. Na chakula cha mchana cha kwenye maboksi kilikuwa chips kuku. Baridi. Pemba, kisiwa cha pweza na muhogo wa nazi, wanatulisha chips kuku iliyokaa kwenye boksi toka asubuhi, mume wa yule bi wa Dar akauliza kwa adabu kabisa kama kuna tomato, hakukuwa na tomato.

Tukafika. Pujini ni magofu ya mji wa Mkama Ndume, wa karne ya 15, una kuta na handaki, na kijana wetu wa kampuni anaetuongoza akafungua mdomo akasema hii ni ngome ya Wareno. Palikuwa na babu mmoja wa pale kijijini kakaa chini ya mti anasuka kamba, akanyanyua kichwa. "Mwanangu, Mkama Ndume hakuwa Mreno." Kwa upole, bila hata kusimama. Kijana akacheka cheka akasema ndo walivyomuandikia kwenye karatasi. Na kweli alikuwa na karatasi, niliiona, imepigwa chapa pande mbili, na toka Chake alikuwa anaisoma kwa kichwa kama mtoto anaesoma shairi la maulidi. Sie tukamwambia kaka, hebu tumsikilize babu.

Babu akaacha kamba yake akatutembeza yeye. Jina lenyewe akatufungulia: kukama, kama unavyokama ng'ombe, lakini ng'ombe jike ndo anakamwa, sasa huyu alikuwa anakama mpaka madume, yani aliwakamua watu wake mpaka tone la mwisho. Wanasema waliokuwa wanabeba mawe ya kujengea hawakuruhusiwa kusimama, walikuwa wanasota kwa makalio mawe wameyabeba. Akatuonesha kisima chenye ukuta katikati, mana alikuwa na wake wawili hataki waonane, mmoja anateka kwa kamba na ndoo upande huu, mwengine anashuka kwa ngazi upande ule. Wanawake watano tuliokuwepo tulitazamana tu. Bi wa Dar akasema wote kisima chao kimoja maji yale yale, ukuta wa nini, babu akacheka mpaka akakohoa. Akatueleza pia kuna chumba chini ya ardhi ambacho ukutani kwenye chokaa imefanywa sura ya siwa, lile baragumu kubwa la wafalme. Na hata kama hadithi ya kusota kuna iliyoongezwa chumvi, mtu akitaka nguvu zake zijulikane anaweka siwa ukutani, hilo halihitaji maelezo.

Kwenye karatasi ya kampuni Pujini imepewa dakika 40. Tulikaa saa mbili na nusu. Kijana wetu mwishoni alikuwa anaandika anayosema babu kwenye simu yake, na hilo namsifu. Sie tulichanga tukampa babu chochote, kampuni haikumpa kitu kwa sababu kwa mujibu wa kampuni babu hayupo.

Kitu kingine cha kuwaambia wanawake wenzangu, choo. Hakuna mtu atakwambia. Njiani hakuna, tulikuwa tunapiga hodi majumbani, na hakuna nyumba hata moja iliyotukatalia, wanakupa na kata ya maji na wanataka ukae unywe chai. Lakini si jambo la kumuachia mtu agundue mwenyewe akiwa kilomita ya saba.

Jumapili ndo siku yenyewe. Tulipita njia ya zamani ya Chake kwenda Wete, tukateremshwa na gari katikati tukaingia mashambani. Tulikwenda Novemba, karafuu imekolea. Vijana wapo juu ya mikarafuu, unaona majani yanatikisika tu na unasikia wanaitana, anavuta tawi kwa upembo taratibu asilivunje, mana tawi likivunjika mwakani hulipati. Karafuu inachumwa kabla haijafunguka, ikishafunguka ua ishakwisha thamani, kwahiyo kipindi hicho hakuna alielala, skuli watoto wanapungua, harusi zinasubiri.

Tukaingia nyumba moja, bi mkubwa akatoka na kanga yake, "karibuni nkae". Uwanjani majamvi kama manane yametandikwa karafuu, ya juzi ishaanza weusi wa kahawia, ya jana bado ina wekundu, na pembeni mabinti wanachambua. Nikakaa nao. Unashika kichala, unakiegemeza kiganja cha kushoto, unakisokota kidogo kwa mkono wa kulia, karafuu zinadondoka kwenye ungo na konyo linabaki mkononi. Ukiwatazama wao ni kama wanahesabu pesa. Mie kichala kimoja wao vitano, na binti mmoja wa miaka kama kumi akawa anapitia rundo langu kimya kimya anatoa makonyo niliyoyaacha, hakusema neno, ila nilimuona. Vidole mpaka kesho yake vilikuwa rangi ya hina iliyokosea.

Sasa tukiwa hapo wingu likafunga. Mtu akapiga kelele mvua jamani mvua, na uwanja wote ukainuka, karafuu ikiloa kabla ya kukauka inaharibika rangi, ukiipeleka kituoni ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, inashuka daraja, na kilo moja kavu ni kama kilo tatu mbichi mtu kazipandia mtini, kwahiyo hapo hakuna mgeni wala mwenyeji. Shika pembe nne za jamvi, kunja, buruta barazani, rudi jengine. Bi wa Dar kajifunga kanga kiunoni anaburuta, mumewe ambae toka Mkoani alikuwa kwenye simu tu simu kaitupa kwenye kiti kashika jamvi upande wa pili, kijana wetu karatasi imeloa imekuwa uji. Jamvi la mwisho linaingia na mvua inamwagika. Tukakaa barazani tumejaa matope, karafuu imetuzunguka pande zote inafuka harufu mpaka kichwa kinakuwa chepesi, bi mkubwa akaleta muhogo wa nazi na changu wa kukaanga na chai ya mchaichai, akatwambia leo mmekuwa wana wa nyumba hii. Chips kuku ya siku hiyo tuliwapa paka wake, na paka nao waliichagua chagua.

Kwa siku hiyo peke yake 480,000 yangu naihalalisha.

Jioni tukashuka Wete tumechoka hatujiwezi. Wete mji mdogo mtulivu, gesti safi, feni inafanya kazi, chandarua hakina tundu, umeme ulikatika mara moja wakawasha jenereta. Nilinunua halua na nusu yake haikufika Unguja.

Jumatatu ndo walipoharibu. Ratiba ilisema magofu ya Haruni kule Chwaka karibu na Tumbe, huyo Haruni wanasema ni mtoto wa Mkama Ndume, halafu msitu wa Ngezi, halafu fukwe ya Vumawimbi, na kumalizia mnara wa taa wa Ras Kigomasha, uliojengwa 1900. Mie hasa nilikuwa naitaka Ngezi, nimesikia habari za msitu ule na wale popo wakubwa wa Pemba ambao hawapo pengine popote duniani. Haruni tukapata dakika 20. Tukawa tumekaa kwenye kaburi la nguzo tunakunywa maji simu ikaja, gari inahitajika uwanja wa ndege kuna wageni wamefika, wageni maana yake wazungu, kwahiyo turudi Chake sasa hivi. Nikasema sie tunatembea kwa miguu, gari la nini? Kumbe kwenda Ngezi na kurudi hesabu yote ilikuwa kwenye gari hiyo hiyo moja. Kijana maskini hakuwa na la kusema, aliona haya kuliko sie. Saa 8 mchana tupo gesti Chake tunatazama ukuta.

Hapo ndo kampuni ilipopoteza maksi zake. Chips nitasamehe, viatu nitasamehe, hata Wareno wa Pujini nitawasamehe. Lakini mkaazi kulipa bei ya mkaazi isiwe ndo sababu ya kushushwa kwenye gari. Ukitaka kwenda nao, kwanza waulize magari mangapi, na wakikujibu "tutapanga" jua ni moja. Pili mwambie wazi unataka mwenyeji wa kijiji Pujini, hata kwa kumlipa pembeni. Tatu nenda wakati wa karafuu, ukienda miezi ambayo miti imelala utaona mashamba mazuri tu, na mashamba mazuri hata Kizimbani huku Unguja yapo.

Mie na dada tumeshapanga kurudi Novemba kwa bi mkubwa, safari hii bila kampuni, na binti yule nishamnunulia ungo mpya. Ofisini kwao niliomba warudishe japo pesa ya siku ya Ngezi, wakasema watanipigia. Meseji zangu nne zina tiki za buluu.