Illustrative Mathematics: mtaala mzuri, ila majumuisho ndiyo roho yake

Illustrative Mathematics ni mtaala wa hisabati wa Marekani, kuanzia chekechea hadi sekondari, na unapatikana bure mtandaoni. Taasisi iliyouandaa ilianzishwa mwaka 2011 na William McCallum wa Chuo Kikuu cha Arizona, mmoja wa waandishi wakuu wa viwango vya hisabati vinavyofuatwa na majimbo mengi ya nchi hiyo. Sehemu ya darasa la 6 hadi la 8 ilitoka mwaka 2017, ya sekondari 2019, na ya madarasa ya chini 2021. Mwaka 2024 jiji la New York liliuchagua uwe mtaala wa aljebra ya mwanzo katika shule zake za umma za sekondari, na tangu hapo mjadala umepamba moto: mtoto akiachiwa ahangaike na swali kwanza kabla ya kufundishwa njia, pengo kati ya wanaofaulu na wanaoachwa nyuma linapungua au linapanuka?

Swali hilo lina uzito. Katika mtihani wa taifa wa NAEP, wastani wa hisabati wa darasa la 8 ulishuka pointi 8 kati ya 2019 na 2022. Mwaka 2024 wanafunzi wa juu walipanda, wa chini wakazidi kushuka. Kwa hiyo mtaala wowote unaoingia shule za umma sasa hivi upimwe kwanza kwa yule aliyekaa mkiani.

Kwa maoni yetu, kwenye karatasi huu ni miongoni mwa mitaala bora ya udadisi iliyowahi kuandikwa. Darasani unaweza kumsaidia mtoto dhaifu au kumzamisha, na kinachoamua ni dakika za mwisho za kila zoezi.

Kipindi kimepangwa hivi. Kinaanza na zoezi la kuamsha akili la dakika 5 hadi 10, kwa mfano picha nne ambapo mtoto anaeleza ipi si ya kundi na kwa nini. Yanafuata mazoezi mawili au matatu. Katika kila zoezi mwalimu anatambulisha swali bila kutoa njia, watoto wanafanya kazi kimyakimya, kisha wawiliwawili au kwa vikundi, halafu mwalimu anakusanya mawazo yao na kufanya majumuisho, yaani kuyaunganisha hadi kanuni ya zoezi itajwe wazi. Mwishoni kuna majumuisho ya somo zima na swali moja la kuagia la dakika 5, ambalo kila mtoto analijibu peke yake kwenye karatasi.

Chukua mfano wa somo la uwiano, darasa la 6, sura ya 2. Watoto wanachanganya mililita 5 za maji ya buluu na mililita 15 za maji ya njano, wanapata kijani. Kisha wanaulizwa ni michanganyiko ipi itatoa kijani kilekile. Kosa linalojitokeza karibu kila darasa ni la kujumlisha: mtoto anaongeza 5 huku na 5 kule, anapata 10 kwa 20, anaona ametenda haki. Uzuri wa zoezi ni kwamba kosa lenyewe linaonekana kwa macho, kwa sababu rangi inavuta kwenye buluu. Hakuna maelezo ya ubaoni yanayolishinda jambo hilo.

Lakini kuona kosa si kujua kanuni. Hapa mwalimu lazima awe amezunguka vikundini na kuchagua kazi tatu: ya aliyechora vikombe viwili vya mchanganyiko, ya aliyeandika 10 kwa 30, na ya aliyegundua kwamba njano ni mara tatu ya buluu. Zionyeshwe kwa mpangilio huohuo. Akianza na yule wa "mara tatu", wengine wanaacha kufikiri na kunakili. Kisha mwalimu mwenyewe aseme waziwazi: tunazidisha pande zote mbili kwa namba ileile. Aiandike ubaoni, watoto waiandike, kila mmoja ajaribu peke yake: buluu mililita 2, njano ngapi?

Hatua hii ndiyo inayorukwa. Zoezi la kuamsha akili linameza dakika 20 kwa sababu mjadala umenoga, mazoezi yanasukumwa, kengele inalia. Mtoto aliyekuja na jedwali la kuzidisha kichwani ameshaona uhusiano. Jirani yake alikuwa bado anahesabu 15 na 15 kwa vidole, akili imejaa mahesabu, haikubaki nafasi ya kuona kanuni. Anaondoka na kumbukumbu ya maji ya rangi tu. Pengo limepanuka ndani ya kipindi kimoja, na mwalimu anaamini amefundisha vizuri kwa sababu darasa lilichangamka.

Utafiti unaelekeza hukohuko. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark walitoa hoja kali kwamba kumwacha mwanafunzi ambaye bado ni mgeni wa somo na mwongozo hafifu kunamlemea. Mwaka 2011 Alfieri na wenzake, wakipitia tafiti 164, walikuta ugunduzi (mtoto kutafuta kanuni mwenyewe) usio na msaada unashindwa na kufundishwa moja kwa moja, ila ugunduzi wenye vidokezo, mrejesho na mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua unashinda. Illustrative Mathematics umeandikwa kuwa wa aina ya pili. Ukiruka majumuisho, umeugeuza kuwa wa kwanza.

Mpangilio wa sura tunausifu bila kusita. Darasa la 6 linaanza na eneo la maumbo, la 8 linaanza na kuhamisha na kugeuza maumbo, aljebra inaanza na takwimu. Mtoto aliyechoka kufeli hesabu za sehemu, kama nusu na robo, anaanza mwaka na kitu anachoweza kukikata kwa mkasi na kukizungusha. Hilo peke yake linarudisha wengi darasani.

Udhaifu upo pia. Maswali ya mazoezi ni machache kwa anayehitaji kurudia, na waandishi wanachukulia kwamba kuzidisha na kugawanya vimeshakaa kichwani. Dawa inayofanya kazi ni dakika 10 kila siku nje ya somo: jedwali la 3 na la 5 kabla ya sura ya uwiano, sehemu zinazolingana kabla ya kugawanya sehemu. Usiyapunguze maswali yenyewe. Shule zinazowapa wanyonge toleo lililorahisishwa zinawahakikishia kubaki chini.

Maandishi ni mengi. Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza, mwongozo wa mwalimu una mbinu ya kusoma mara tatu: mara ya kwanza kuelewa kisa, ya pili kutafuta nini kinahesabika, ya tatu ndipo swali lisomwe na njia zijadiliwe. Inachukua dakika 6 hivi na haifai kurukwa. Toleo la Kihispania lipo. Mzazi Mkongo au Mrundi aliyeko Marekani aombe kurasa za familia za kila sura: zina maelezo mafupi na swali moja lenye jibu, na zinatosha kumsaidia mwana nyumbani.

Tatizo lisilozungumzwa vya kutosha ni utoro. Mwaka wa masomo wa 2021–22 karibu asilimia 28 ya wanafunzi wa shule za umma Marekani walikosa angalau sehemu moja ya kumi ya siku za masomo. Masomo haya yanaegemeana: aliyekosa rangi za Jumatatu hana pa kushika Jumanne, na kitabu hakina mifano mingi ya kujisomea. Kila somo lina ukurasa wa muhtasari. Mwalimu auchapishe, autunze kwenye bahasha, mtoro akabidhiwe akirudi.

Walimu wa Kenya waliozoea maswali dadisi, na wenzao wa Tanzania, wanaweza kuutumia. Leseni ya matoleo ya mwanzo inaruhusu kunakili, kutafsiri na kubadili mradi mwenye kazi atajwe. Kwa toleo jipya soma masharti kabla ya kuuza nakala. Badili inchi na dola. Kwa darasa la watoto 70, achana na maji kwa kila kikundi: fanya onyesho moja mbele kwa chupa angavu, mwalimu apite safu mbili tu kuchagua kazi tatu, na majumuisho yaanze dakika 15 kabla ya kengele hata kama vikundi havijamaliza. Karatasi za swali la kuagia zipangwe mafungu matatu jioni hiyohiyo: wameelewa, wanajumlisha, hawakuandika kitu. Fungu la tatu ndilo la kuanza nalo kesho.