Reaper, maiki mbovu na sikio la ami: miezi minane ya kurekodi muziki Lamu

Hesabu kwanza, maana ndiyo kila mtu huniuliza. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8, shilingi 22,000. Kadi ya sauti ya Behringer UM2, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta, 8,500. Hedifoni, 4,000. Reaper, programu ya kurekodi na kupanga muziki, ni dola 60, kama shilingi 7,800 hivi, na hizo hakuambii mtu uzilipe leo: unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, haijafungwa mahali. Maiki ina kisa chake.

Mwanzo nilitaka FL Studio, programu nyingine ya muziki, kama wenzangu wote. Lakini toleo lake la kujaribia linakuwacha uhifadhi kazi, kisha ukifunga huwezi kuifungua tena mpaka ununue, na toleo lake la bei ya chini kabisa halirekodi sauti ya mtu. Mimi nilitaka kumrekodi ami yangu na udi wake, ile ala ya nyuzi. Reaper ni faili ndogo, niliishusha kwa bando la siku moja na chenji ikabaki.

Maiki niliagiza kwa muuzaji wa Mombasa. Ikaja kwa basi hadi Mokowe upande wa bara, ikavuka kwa boti, nikaifungua kama mahari. Ni ya kondensa, yaani inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, lakini jamaa alinifungia waya wa jeki ndogo ya simu. Umeme huo haupiti hapo. Nilikaa wiki nzima nikidhani nimeharibu laptopu, kumbe ni waya tu! Nilinunua wa XLR, waya wa maiki wenye pini tatu, kwa 900, mambo yakaenda. Ukiagiza, uliza waya kabla ya kuuliza rangi.

Mtihani wa pili ulikuwa sauti kuchelewa. Ami akiimba, anajisikia masikioni nyuma ya mdomo wake, akakasirika akavua hedifoni. Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulipitisha, ilikuwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1024, ambazo kwa 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 23 njia moja tu. Niliweka ASIO4ALL, kiendeshi cha sauti cha bure, nikashusha bafa hadi 128, karibu milisekunde 3. Laptopu ikianza kukwaruza napandisha 256. UM2 pia ina kitufe cha kujisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Laiti ningelikijua mapema.

Chumba hakikunigharimu kitu. Tunarekodi ndani kabisa, kwenye ukuta wenye zidaka. Vile vishimo vinaivunja sauti isirudi yote kwa pamoja. Ukuta wa pili nimeutundikia godoro. Feni inazimwa, chaja inang'olewa maana inaleta mvumo, na tunaanza baada ya Isha.

Sasa lililonifanya niandike. Nilimtengenezea ami kiitikio cha fidla za kompyuta katika Bayati, moja ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Alisikiliza nusu dakika, akasema, "Mwanangu, hiyo si Bayati. Hiyo kengele ya skuli." Na ni kweli. Bayati ikianzia D, noti ya pili iko katikati ya E na E bemoli (E iliyoteremshwa nusu toni), na kinanda cha kompyuta hakina kitu hapo katikati. Katika Reaper kuna mstari wa kupinda sauti chini ya noti. Kama ala yako inapinda nusu toni mbili, unaiteremsha E kwa alama 2048 za mstari huo na robo toni inapatikana. Nilichora noti moja moja kwa mausi, usiku kucha. Kasoro yake ni kwamba kupinda huko kunabeba noti zote za chaneli ile, yaani njia ya ala ile, kwa hiyo ukipiga mbili pamoja zote zinateremka. Baadaye nikapata Surge XT, ala ya kompyuta ya bure, ambayo unaitunia ngazi yako mara moja na kusahau.

Reaper yenyewe haina sauti nyingi ndani, hilo ulijue: ngoma na fidla utazitafuta mwenyewe. Na sura yake imejaa vitufe kama dashibodi ya lori. Mwezi wa kwanza nilitumia vitano tu. Siku ya 58 nililipa, kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa.

Ami alisikiliza tena wiki iliyopita. Hakusema kitu, alichukua udi akaanza kufuatisha. Kwenye ubeti wa pili kuna punda analia kwa mbali. Nilitaka kumkata, nikakatazwa.