Mgeni wa Kaole: umpe nahau yake au ya kwetu?

Tukikaa barazani Mji Mkongwe wa Bagamoyo, sisi waongoza watalii hurudia ubishi uleule: mgeni umpe nahau za wanyama za Kiingereza, au umtafsirie za kwetu?

Kwa wepesi wa kueleweka, zao zinashinda. Ukisema "let the cat out of the bag", Mwingereza anajua siri imetoboka. Humwelezi paka katokea wapi. "Kill two birds with one stone" ndiyo rahisi kabisa, maana hata sisi tunaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Shida ni kuteleza. Kule magofu ya Kaole niliwahi kumwambia mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akikimbilia kisimani, "hold your horses". Nilidhani nimesema "subiri kidogo". Uso ukambadilika: kwa mkubwa usiyemzoea, hiyo ni amri. Na "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa, tuliyokaririshwa shuleni, wenyewe siku hizi hawaisemi sana.

Ya kwetu inataka muda. "Kumpigia mbuzi gitaa" lazima uifafanue, lakini mgeni hucheka, akatoa daftari akaiandika. "Wapiganapo tembo nyasi huumia" haidai hata maelezo.

Una mtihani wa Kiingereza au kazi ya mapokezi hotelini? Kariri zao, uangalie tu unamwambia nani. Unatembeza watu kwa muda wa saa tatu juani na bakshishi ndiyo mshahara? Mbuzi na gitaa lake watakufaa zaidi.